Nilificha kifafa cha nguruwe Namba Saba, na cha kwangu pia

Wakuu, habari za humu ndani. Walionizidi umri, shikamooni.

Mimi huwa nasoma nyuzi za watu na kupita kimya. Leo nimeona niandike ya kwangu. Ni mambo niliyoyaona kwa macho, na mengine yameupitia mwili wangu. Siongezi chumvi, majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mimi ni mama wa Gitting, kule Hanang. Kifafa kilinianza nikiwa na miaka kumi na miwili.

Kilichoniumiza shuleni hakikuwa kuanguka. Kilikuwa kusahau. Leo nataja jedwali la saba lote bila kukwama. Kesho asubuhi naanguka, mchana mwalimu ananiuliza saba mara sita, nabaki namtazama. Aliniita gunia lililotoboka. Darasa zima likacheka, na jina likanishika.

Nikiwa la sita baba akasema inatosha, nikae nyumbani.

Nikaolewa, nikapata binti, Fausta. Mume wangu alijua hali yangu. Majirani hawakujua, maana nilikuwa nikisikia dalili nakimbilia ndani na kufunga mlango. Dawa za zahanati nilimeza zile wiki nilizoanguka tu. Nikiona nimekaa sawa, naacha. (Wenzangu wenye hali hii, msifanye hivyo. Nitaeleza.)

Sasa tuje kwenye kisa chenyewe.

Miaka ile Manyara ndiyo ilikuwa imekatwa kutoka Arusha, hata mihuri ya baadhi ya ofisi ilikuwa bado ya zamani. Akaja daktari wa mifugo kutoka chuo kikuu, mwanadada wa rika langu. Nimwite Dokta Kemi. Alikuwa anafanya PhD yake.

Akapewa ghala kuukuu la ushirika, lililobaki tupu tangu wafanyabiashara binafsi waanze kununua mazao wenyewe. Akaligawa mabanda, akaleta nguruwe.

Kwa wasiofahamu: kuna tegu wa nguruwe. Mayai yake yanatoka kwenye choo cha mtu aliyepata mnyoo huyo kwa kula nyama isiyoiva. Nguruwe anayezurura akiyala, vinaota vifuko vidogo kwenye nyama, na vingine vinapanda kwenye ubongo. Hapo nguruwe naye anaweza kupata kifafa. Mtu akiyameza mayai hayo, kwa mikono au mboga isiyooshwa, yanamkuta yaleyale.

Dokta alitaka kujua jambo moja: je, nguruwe mwenye kifafa anapoteza kumbukumbu?

Unaweza kuuliza, nguruwe unampimaje kumbukumbu?

Hivi. Tulipanga ndoo nane kwenye uwanja uliozungushiwa mbao. Nne kati ya hizo zina vipande vya kiazi kilichochemshwa. Kila nguruwe ana nne zake, hazibadiliki. Ndoo zote chini kuna viazi vingine vilivyofunikwa wavu, ili harufu isimwambie kitu. Anaingia, anatafuta. Siku za mwanzo anapekua zote. Baada ya siku kadhaa, mzima anakwenda moja kwa moja kwenye nne zake kama mtu anayejua duka lake la sukari.

Mimi niliajiriwa kulisha, kufagia na kuweka viazi. Na kazi moja zaidi: nikiona nguruwe ameanguka, niandike kwenye daftari. Asubuhi nilikuwa peke yangu ghalani. Dokta alifika saa tatu, vipimo vilianza saa nne.

Kwenye interview Dokta aliuliza kama nina ugonjwa wowote. Nikasema sina.

Basi, alikuwepo jike mmoja, Namba Saba, tulimnunua kwa mkulima wa Dirma. Chini ya ulimi alikuwa na vivimbe kama punje za mahindi. Mpole sana, nikiingia anakuja kukuna ubavu wake kwenye gambuti langu.

Wiki ya kwanza nikamkuta asubuhi anatafuna hewa. Masikio yanatetemeka, povu linatoka. Kisha akakakamaa, akaanguka ubavu.

Wakuu, sikuwahi kumwona mtu au mnyama akianguka. Kwa mara ya kwanza niliona kile ambacho mume wangu na mwanangu huwa wanakiona. Nikakaa kwenye majani, nikamshika shingo mpaka alipotulia.

Daftari sikuligusa.

Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza, Dokta alishasema nguruwe wanaoanguka sana watatangulia kuchinjwa ili wakague ubongo. Ya pili ni kwamba kalamu ilikataa. Nilikuwa nimetumia maisha yangu yote kulificha neno lile, nikaona hata la nguruwe nilifiche.

Nikaficha anguko la pili. La tatu. Ya wale wengine, walioanguka mara chache, niliandika, ya Namba Saba hapana.

Sasa asubuhi akianguka, saa nne anaingizwa uwanjani. Anasimama. Anakwenda kuegemea mbao. Anaingiza pua kwenye ndoo isiyo yake, anairudia ileile. Dokta anaandika: amekosa, amekosa, amekosa. Siku mbili baadaye anazipata ndoo tatu kati ya nne. Halafu anaanguka tena, anakosa zote.

Dokta alikuna kichwa. Mwisho akaniambia, "Mama Fausta, huyu hajifunzi kabisa. Siku anazopatia ni bahati tu. Wenye vifuko kichwani nadhani hawawezi kujifunza. Ijumaa natuma ripoti chuoni."

Hawawezi kujifunza. Nililala na maneno hayo siku mbili. Nikamwona akilini mwalimu wangu wa zamani. Nikawaza kwamba sasa neno lake litaandikwa kwenye vitabu, na mimi ndiye nitakuwa nimesaidia kuliandika.

Alhamisi nikamfuata mezani kwake.

"Dokta, daftari langu lina uongo."

Akainua macho. "Uongo gani?"

"Namba Saba anaanguka. Siku zote anazokosa, ameanguka asubuhi yake. Sikuandika."

Alikasirika, sitaki kumpamba. Akafunga daftari kwa kishindo. "Miezi mitatu ya data! Unajua umenifanyia nini? Kwa nini?"

Nikamwambia sikutaka achinjwe. Akatoka nje, akasimama kwenye jua amenipa mgongo. Nilishaanza kuvua gambuti za kazi nijiondokee.

Akarudi. Hasira bado ipo, lakini akauliza kama mtu anayetaka kujua kweli: "Umejuaje kwamba siku zile hajasahau, kwamba ni kuanguka tu?"

Hapo ndipo nilipochagua.

"Kwa sababu na mimi naanguka, Dokta. Ukiniuliza jina la mwanangu saa moja baada ya kuanguka, nitalitafuta nisilione. Ukiniuliza kesho kutwa, nitakutajia na saa aliyozaliwa. Halijapotea. Mlango ndio umefungwa."

Akalifungua tena daftari.

Akavuta kiti. "Kaa. Tangu lini?"

Tulikaa mpaka mchana. Aliniuliza mambo ambayo hakuna daktari aliyewahi kuniuliza. Kichwa kinakuwa kizito kwa muda gani? Nini kinarudi kwanza, nyuso au majina? Vya zamani vinapotea au vipya tu? Nilijibu, yeye anaandika. Mimi niliyeachishwa shule la sita, mtu wa PhD anaandika maneno yangu!

Ripoti haikwenda. Aliwapigia wakubwa wake simu akawaeleza ukweli, akasemwa vya kutosha. Mimi akanibakiza kazini kwa sharti moja: ninachokiona ndicho ninachokiandika.

Tukaanza upya. Kila nguruwe akapangiwa ndoo nyingine nne, na hakuna aliyetangulizwa kuchinjwa. Na ikawekwa sheria mpya: aliyeanguka hapimwi siku hiyo wala kesho yake, anapumzika.

Majibu yalikuja tofauti. Sitawadanganya kwamba walikuwa sawa na wazima. Wenye kifafa walichelewa zaidi, na wakikaa siku nyingi bila mazoezi walisahau zaidi. Kumbukumbu kweli ilikuwa imeguswa. Lakini walijifunza! Waliporudishwa uwanjani mara nyingi, ilikaa.

Siku Namba Saba alipozipata ndoo zake zote nne bila kugusa nyingine, nilipiga kigelegele ghalani. Dokta akasema, "Mama Fausta, unanisumbulia mnyama," huku naye anacheka mpaka anafuta macho.

Mwisho wa utafiti walichinjwa wote, ndivyo kazi ilivyopangwa. Siku hiyo niliomba ruhusa, sikwenda. Baadaye Dokta akanionyesha ubongo wa Namba Saba. Vifuko vyeupe, vidogo, vingi kuliko nilivyodhani. Nikashangaa kwamba na vyote hivyo alikuwa bado anazikumbuka ndoo zake.

Nikamuuliza, "Na mimi ninavyo?"

"Mimi ni daktari wa ng'ombe na nguruwe. Twende kwa daktari wa watu."

Akanipeleka mwenyewe Moshi, nikapigwa picha ya kichwa. Yalikuwepo makovu machache ya zamani. Nikapangiwa dawa ya kumeza kila siku, nianguke nisianguke. Sasa ni miaka mingi sijaanguka. Nikajiunga na elimu ya watu wazima, nikamaliza la saba. Jedwali nilijifunza kwa kurudia nikikamua ng'ombe.

Siku hizi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Mwaka fulani nikaitwa shule moja kata ya Gehandu. Kuna binti anaanguka, na mwalimu mkuu anataka aondolewe kwa sababu "haelewi kitu". Nikaomba orodha ya majaribio yake na siku alizoanguka. Nikaviweka sambamba mezani.

Mwalimu akapitisha kidole tarehe kwa tarehe. Akasema taratibu, "Kumbe tulikuwa tunampima siku za kuumwa."

Tukakubaliana: akianguka, apumzike, jaribio afanye siku nyingine. Na mama yake akaanza kumpeleka kliniki bila kukatisha dawa. Darasa la saba alifaulu. Wiki iliyopita amenitumia ujumbe kwa simu ya kaka yake, anauliza kama mtu mwenye kifafa anaruhusiwa kusomea maabara.

Nimemjibu kwamba ninamfahamu Dokta mmoja, nitamuuliza.

Nilichojifunza, wakuu: kusahau kwa mwenye kifafa kupo, tusikatae. Ila kabla hujamwita mtu mjinga, uliza ulimpima siku gani. Nyama ya nguruwe ipikwe iive, choo kitumike, mikono ioshwe. Na dawa haziachwi kwa sababu umejisikia vizuri.

Mwenye mtoto wa namna hii, au mwalimu aliyewahi kumfundisha, karibu uandike hapa chini ulifanyaje. Ukiona aibu, njoo PM. Mimi aibu yangu iliisha pale ghalani.