Tulivyotafuta Uji wa Mzazi Mjini Meru

Sogea karibu, msomaji wangu, nikueleze habari ya harufu. Uji wa wimbi uliochachuka hukupanda puani kabla hujauonja. Kila ninapoukuta, narudi utotoni, siku tulipoteremka kutoka Kibirichia kwenda kumwona Shangazi Kawira, aliyekuwa amejifungua hospitalini mjini Meru.

Kwetu, mzazi hunyweshwa uji huo ili maziwa yashuke. Ya shangazi yalikuwa bado, na mtoto alikuwa amelia usiku kucha. Nyanya aliubeba uji ndani ya kibuyu, lakini tulipofika stendi tulikikuta kimepasuka, kimelaliwa na gunia la viazi la abiria mwenzetu.

"Viazi vimekunywa," Nyanya akasema. "Basi na vinyonyeshe."

Akajifunga leso vizuri, akaanza kutembea.

Mimi nilidhani Meru ni ile barabara kuu tu, na hoteli zilizochorwa kuku ukutani. Nyanya alizipita zote, akapenya katikati ya maduka mawili. Nyuma ya duka la vitambaa, mtu alikuwa akiwakaangia mafundi viatu mandazi. Nyuma ya duka la misumari na saruji, wajenzi walikula mukimo, viazi vilivyopondwa pamoja na majani ya malenge, wakiwa wamesimama, sahani mkononi. Mbele kidogo, wanawake wa Mitunguu walikuwa wakipakua ndizi zilizopikwa na maharagwe, mvuke ukiwafunika nyuso. Nilishangaa. Kumbe mji ni kama ng'ombe, una matumbo mengi ndani!

Kila palipokuwa na uji, Nyanya alimuuliza mpishi, "Wewe mwenyewe umekula nini leo?"

Kijana mmoja akajibu, "Mimi? Mimi nakula nyumbani kwa mathe, Cucu. Hapa nauza tu."

Wateja wakaangua kicheko. Nyanya akamshukuru, tukaondoka. Nilimvuta leso, nikamkumbusha kwamba mtoto ana njaa.

"Ndiyo maana siharakishi," akasema.

Nikaona aibu. Jua lilikuwa linapanda, na sisi tunachagua uji kama watu wanaochagua ng'ombe wa mahari.

Mwishowe, nyuma ya fundi wa kuziba panchari, tulimkuta mama mmoja wa Kianjai ameketi juu ya mtungi wa plastiki, kikombe cha uji kimefika nusu mkononi mwake. Nyanya alipomuuliza, aliinua tu kile kikombe.

"Nina mzazi hospitalini," Nyanya akasema.

Yule mama akaifunika sufuria papo hapo.

"Na sisi je, Mama Mutuma?" fundi akalalamika, mikono myeusi kwa mafuta.

"Wewe umezaa lini? Kunywa maji."

Akatujazia jagi, akalifunika kwa leso yake mwenyewe. Nyanya alipofungua kitambaa cha pesa, mama akamrudisha mkono. "Uji wa mzazi hauuzwi, Cucu. Nenda, mtoto analia."

Shangazi aliunywa wote, akalala kidogo. Jioni mtoto alinyonya kwa kelele hadi akina mama wa vitanda vya jirani wakageuka kumtazama. Hapo ndipo Nyanya alipoketi, kwa mara ya kwanza tangu tuondoke stendi.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Nyanya alikuwa akidharau vyakula vya watu. Nilikuja kumwelewa nilipojifungua mimi mwenyewe, katika mji ambao hakuna anayenijua, na jirani akaniletea bakuli la chakula. Kabla sijala nilimtazama usoni kwanza. Nyanya hakuwajua wale wapishi, na alikuwa anataka kutia mikononi mwao uhai wa binti yake na wa mjukuu. Alihitaji mtu anayepika kile anachokila. Nampenda zaidi kwa ule ukaidi wake.

Kwa hiyo ukifika Meru, au mji wowote usioujua, na njaa ikakushika, iache barabara kuu. Ingia uchochoroni, msalimie mpishi, muulize yeye mwenyewe amekula nini leo. Akikuonyesha sufuria yake, keti ule.