Siku Tuliyonyamaza Majengo

Kwa miaka minne nilikuwa na watu watatu waliosoma nilichoandika. Nyumbani kwetu Kanyakine hakuna aliyewahi kuniuliza naandika nini. Mume wangu akikuta karatasi zangu mezani alizisukuma kando apate pa kuweka sahani. Walimu wenzangu shuleni walidhani ni maazimio ya kazi. Kwa hiyo Jumamosi moja baada ya nyingine nilichukua daftari langu nikaenda Meru mjini, mtaa wa Majengo, katika chumba cha nyuma cha mwanamke aliyeuza chai na mahamri karibu na msikiti.

Aliyetukusanya alikuwa mwalimu wa Kiswahili aliyestaafu, mzaliwa wa Manyatta kule Embu, ambaye alikuwa amefundisha Meru karibu maisha yake yote. Wa pili alikuwa afisa katika ofisi za kaunti, mwanamume nadhifu aliyejua kuzungumza na watu wa Nairobi. Yeye ndiye aliyekuwa na kompyuta, na alijitolea kutupigia chapa kazi zetu zote. Wa tatu ni huyo muuza mahamri mwenyewe. Hakupita darasa la nane, lakini alikuwa anatuzidi sote.

Mimi nimelelewa kwa Kimeru, na Kiswahili changu ni cha shule. Niliandika "kitu ingine" bila kujua nimekosea. Yeye hakucheka. Alichukua penseli, akaandika "kingine" juu yake kwa herufi ndogo, akainuka kwenda kugeuza mahamri yasiungue. Akirudi alikuwa na swali lililoingia moyoni mwa hadithi. "Mwalimu, huyu mama wa kwako mbona halii? Amekataa kulia, au wewe umeogopa kumliza?" Nikirudi nyumbani nilikuwa na kazi ya wiki nzima.

Jumamosi moja alitusomea kisa cha mama yake, ambaye alikuwa akiosha maiti za wanawake pale Majengo. Siku moja mama aliitwa kumwosha mwanamke aliyemchukulia mume. Alienda. Alipomgeuza aliona mgongoni alama za mkanda, za zamani na mpya, kama zile alizokuwa nazo yeye mwenyewe mgongoni. Akawaambia waliokuwa mlangoni, "Nileteeni maji mengine ya uvuguvugu," akaanza upya kumwosha, polepole. Hadithi iliishia hapo. Yule mwalimu mzee alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Mimi niliandika maoni kurasa mbili kwenye daftari langu, na tarehe juu yake. Afisa aliomba daftari la hadithi ili akaichape.

Mwaka uliofuata shule yetu ililetewa katoni ya vitabu vya ziada. Nilikuwa navipiga muhuri nilipoona jina la afisa kwenye mkusanyiko wa hadithi fupi. Nilifurahi. Nikafungua. Hadithi ya tatu ilikuwa ile. Msikiti umekuwa kanisa, mwosha maiti amekuwa mfanyakazi wa mochari, lakini mgongo ulikuwa uleule, na maji ya uvuguvugu yaleyale, neno kwa neno.

Nilimpigia simu palepale, nimesimama katikati ya katoni.

"Mwalimu," alisema, hana wasiwasi, "yule alikuwa na kisa tu. Kazi ya kukifanya kiwe hadithi ni yangu. Halafu kumbuka mswada wako uko mezani kwa mhariri huyohuyo. Tusiharibu mambo."

Ilikuwa kweli. Riwaya yangu ya kwanza alikuwa ameipeleka yeye. Nilitia kile kitabu kwenye droo ya meza yangu, nikafunga. Kisha nilienda Majengo mara mbili, nikakaa kwenye mkeka wa yule muuza mahamri, nikanywa chai yake, nikamsikiliza akisoma kazi mpya. Sikumwambia.

Alijua mwenyewe. Binti yake alikuwa kidato cha pili, na kitabu kilifika shuleni kwao pia. Msichana alianza kusoma, akasema anamjua bibi huyu.

Jumamosi hiyo tulikuwa sote wanne. Hakupiga kelele. Aliweka kitabu mkekani, kimefunguliwa mahali penyewe, akamwangalia afisa, halafu akatugeukia sisi.

"Nyinyi mlikuwepo nikisoma. Semeni."

Afisa alisema visa vya namna hiyo viko kila mahali, hata kwao mzee kule Embu mtu angeweza kuvisikia. Mzee alikohoa. "Dada," alisema, "hadithi haina mwenyewe, hutembea. Tuyamalize haya kwa upole, tusije tukavunja kikundi."

Yule dada akabaki ananitazama mimi. Nilijua daftari langu lilikuwa kwenye mfuko, magotini pangu, na kurasa mbili na tarehe yake. Nilijua pia mswada wangu uko mezani Nairobi. Niliinua kikombe nikanywa chai ambayo ilikuwa imekwisha.

"Haya," alisema. Akakusanya vikombe, kikiwemo changu, akatoka navyo. Tulisubiri arudi. Alipokawia tulichungulia dukani, tukamwona anahudumia wateja kama kawaida. Tuliondoka mmoja mmoja. Hatukukutana tena.

Riwaya yangu ilirudishwa kabla ya mwaka kwisha, na barua fupi. Nadhani hata haikusomwa. Hapo ndipo uchungu uliponifanyia kazi ambayo dhamiri ilishindwa. Nilimwandikia mchapishaji, nikaambatisha nakala ya zile kurasa mbili. Mhariri alijibu kwa adabu kwamba jambo hilo ni zito, na kwamba hawawezi kulishughulikia hadi mwenye hadithi alete madai yake mwenyewe, yenye sahihi.

Nilienda kwanza Manyatta kumwomba mzee naye atie sahihi barua ya ushahidi. Alikuwa amerudi kwao kabisa, anapogoa kahawa. Aliniketisha barazani, mkewe akaniletea uji. Nilipomweleza, aliangalia mikono yake.

"Niliogopa kikundi kitavunjika," alisema.

"Kilivunjika, mwalimu."

"Najua." Akatia sahihi bila kuisoma barua.

Kisha nikaenda Majengo. Alinikaribisha kwa salamu zote, akaniwekea mahamri mawili kwenye sahani. Nilimpa barua hiyo na fomu ya madai. Alizisoma zote mbili, taratibu, kama alivyokuwa akisoma kazi zetu.

"Umeandika vizuri," alisema. "Hakuna kosa hata moja."

"Inahitaji sahihi yako tu, dada."

Alizikunja, akanirudishia. "Siku ile nilihitaji neno moja kutoka kwako. Hukuwa na haja ya fomu."

Niliomba msamaha. Alisema amesamehe, na naamini alisamehe. Nilimuuliza kama bado anaandika. Akasema madaftari yalikuwa na kurasa nyingi tupu, kwa hiyo amempa binti yake afanyie hesabu. Mteja akaingia, akainuka kumhudumia.

Afisa ametoa kitabu cha pili. Nilikisoma. Ni kibovu, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumwambia alipokosea. Ningefurahi, lakini ninachoandika mimi pia ni kibovu. Naandika hapa Kanyakine baada ya kusahihisha madaftari ya watoto, naandika kurasa kumi, ishirini, na sijui kama mama huyu wa kwangu amekataa kulia au mimi ndiye ninayeogopa. Juzi nilimpa mume wangu ukurasa mmoja. Aliusoma wote, nikimtazama, akasema ni mzuri. Nikamuuliza ni nini hasa kilicho kizuri. Alifikiri kidogo, kwa nia njema kabisa, akasema mwandiko.