Chupa za Panya Wenye Sukari

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mtunza panya, na sioni aibu kusema. Wenzangu niliosoma nao walikuwa wanauza mitumba sokoni na kunicheka. Waache wacheke. Panya wangu walikuwa weupe, wa maabara, kwenye chumba kimoja nyuma ya ofisi ya utafiti hapa Dodoma. Nusu yao walichomwa sindano ya kuharibu kongosho ili wapate kisukari.

Mama yangu alikuwa na sukari bila kuchomwa na mtu. Serikali ilipopunguza watumishi, naye alipunguzwa, akarudi nyumbani Nkuhungu na kukaa. Akaacha kula kwa saa, akaacha sindano zake, akaacha hata kusuka nywele. Shangazi alisema ni ukaidi tu. Mimi nami, Mungu anisamehe, nilikuwa namfokea.

Daktari aliyeongoza utafiti alitaka kujua kama sukari huja pamoja na sonona, ile huzuni isiyobanduka. Kipimo chenyewe kilinichukiza. Unamtia panya kwenye ndoo ndefu ya maji, unashika saa, unaandika amepiga miguu muda gani kabla ya kuacha na kuelea tu. Anayeacha mapema anahesabiwa amekata tamaa. Kisha unamtoa na kumfuta kwa kitambaa.

Sasa, maji ya Dodoma yalikuwa ya mgawo. Utaratibu wetu ulikuwa chupa moja kwa kila kizimba kwa siku, sawa kwa wote, bila upendeleo. Ndivyo tulivyolelewa majumbani. Lakini mwenye sukari anakunywa na kukojoa bila kikomo. Saa nne asubuhi chupa zao zilikuwa tupu, wenyewe wanalamba mrija mkavu juu ya maranda ya kulalia yaliyolowa mkojo. Saa nane tunawatia kwenye ndoo na kuandika kuwa wamekata tamaa. Nikasema haiwezekani. Nikaanza kuwajazia chupa na kuwabadilishia maranda kila siku bila kumuuliza mtu.

Daktari akaja juu. "Binti, nani kakuruhusu? Unaniharibia utafiti!"

"Shikamoo, Daktari. Ulishaharibika. Hawa tunawapima kiu."

Nilijua naweza kufukuzwa. Aliinama kwenye kizimba kimoja baada ya kingine, akachana karatasi za matokeo ya wiki tatu. Hakuniomba radhi. Aliagiza pipa la pili la maji.

Tukaanza upya. Wenye sukari, wameshiba maji, wamekaa pakavu, bado waliacha kupiga miguu kabla ya wenzao. Niliwakasirikia kweli, maana nilitaka wanitetee, waoneshe kuwa ilikuwa kiu tu. Daktari akasema, "Hiyo sasa ndiyo sonona yenyewe. Usiwalaumu, ni ugonjwa." Siku ile nilirudi nyumbani nikamwomba mama radhi. Aligeukia ukutani.

Wiki iliyofuata nilimpeleka kliniki, maana bila sindano alikuwa anakwisha mbele ya macho yangu. Nesi akachukua kadi, akamuuliza maswali mawili, mama akanyamaza. Basi akaandika kwa wino mwekundu: mgonjwa mkaidi, hafuati masharti. Akamrudishia kadi na kuita anayefuata. Nilijua kadi ikishaandikwa hivyo, hakuna daktari atakayejisumbua naye. Nikabaki palepale kwenye kiti.

"Sista, futa hilo neno."

"Dada, foleni ni ndefu."

"Naiona. Mimi natunza panya wa utafiti. Panya mwenye sukari akiacha kuogelea, tunaandika anaumwa. Hatujawahi kumwita panya mkaidi. Huyu ni mama yangu. Futa, uandike ana huzuni isiyoisha, amwone daktari."

Nesi alinitazama, akamtazama mama, akaichukua tena kadi, akalikata lile neno kwa mistari miwili na kuandika nilivyosema. Kama angekataa ningelala pale.

Ndipo mama, ambaye kwa miezi alikuwa akitujibu kwa kichwa tu, akavuta kiti chake karibu na meza.

"Andika na usingizi," alimwambia nesi. "Sipati usingizi tangu waliponiachisha kazi."