Waheshimiwa Walioniomba Safari

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia ofisini kama mtu anayetembea usingizini. Nilikuwa nimetoka Songea kwa lori, maana basi lilitufia Tunduru, na barabara ya miaka ile ya tisini nyinyi mnaoteleza juu ya lami hamwezi kuijua. Vumbi lilikuwa limeniingia mpaka kwenye ndoto. Nyuma ya jengo la halmashauri palikuwa na mikorosho, na mabibo yalikuwa yameiva hadi yanaanguka yenyewe, harufu yake inalewesha. Ofisa Utumishi, mzee mmoja mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi, akanitazama juu mpaka chini.

"Wewe ndiye karani wa vikao?"

"Ndiye, mzee."

"Unajua kuchapa?"

"Najua."

"Unajua kunyamaza?"

Nikanyamaza. Akacheka mpaka miwani ikamtoka. "Haya, kazi umeipata, mama."

Ukarani wa vikao, wanangu, si kupeleka chai. Nilikuwa natayarisha makabrasha, yaani lile bunda la karatasi analopewa kila diwani kabla ya kikao. Nilikuwa nahakiki akidi, maana wajumbe wasipotosha, kikao ni maongezi tu. Halafu naandika muhtasari. Na muhtasari una adabu zake. Diwani akifoka na kugonga meza, mimi naandika "mjumbe alisisitiza." Akilala na kukoroma, naandika kwamba alihudhuria. Sikuwahi kudanganya hata siku moja, ila niliwastiri wengi.

Kabla sijatulia makao makuu nilipelekwa ofisi ya tarafa, kule mto Ruvuma unakokaribia kumwagika baharini. Niliipenda sehemu ile, sisemi uongo. Asubuhi ukungu unatoka mtoni unaingia mpaka chini ya meza yangu, naona karatasi zinalegea. Watu wa pale wana ndugu zao ng'ambo, Msumbiji, na wakiwataja ungedhani wanawataja watu wa chumba cha pili. Katibu Tarafa wangu alikuwa mtu wa maneno machache. Aliniambia, "Mama Komba, huku ukiuliza mtu ni wa upande gani, unamsumbua bure." Nilidhani anazungumzia mto. Baadaye, vyama vingi vilipokuja, nilimkumbuka sana yule bwana.

Niliporudishwa makao makuu, baraza la madiwani lilikuwa limebadilika. Zamani walikuwa wa chama kimoja wakigombana kama ndugu. Sasa walikuwa wa vyama viwili, na wanakaa pande mbili za ukumbi. Majina ya vyama nitayaacha, na halmashauri yenyewe siitaji, maana watu wanaishi. Nitasema chama kikubwa na chama kidogo. Chama kikubwa kilikuwa na madiwani kumi na mmoja, chama kidogo kumi. Mmoja tu ndiye aliyekifanya kikubwa kiwe kikubwa.

Siku ya kumchagua mwenyekiti wa halmashauri ikafika. Chama kikubwa kilimsimamisha Mzee Chilumba, mkulima wa Kitaya, mpole, sauti yake ya chini mpaka kwenye kikao ilibidi nimsogelee ndipo nimsikie. Chama kidogo kilimsimamisha Issa Namkoma, mwalimu mstaafu, mtu wa mizaha. Kura ilikuwa ya siri. Kibanda cha kupigia kura sikukipata, basi nikatundika kitenge changu kwenye kona ya ukumbi, nikaweka meza ndogo na kalamu. Diwani anaingia nyuma ya kitenge na karatasi yenye majina mawili, anatia tiki, anakunja, anatumbukiza sandukuni.

Nawaambia, siku ile ilikuwa na joto lake la ajabu. Feni inazunguka polepole, ukumbi kimya, na kila anayeingia nyuma ya kitenge anakawia kidogo kuliko inavyohitajika. Unaona miguu tu. Viatu vya mheshimiwa vimesimama, havisogei, kama mtu aliyefika mahali akasahau alikuja kufanya nini. Mpaka leo nikifumba macho naiona ile miguu.

Mkurugenzi wa halmashauri akahesabu. Akahesabu tena. Issa Namkoma, kura kumi na moja. Mzee Chilumba, kumi.

Lahaula! Chama kidogo kikaruka kwa vigelegele. Katibu wa wilaya wa chama kikubwa, kijana wa suti aliyekuwa ameketi nyuma kama mwalikwa, macho yakamtoka pima. "Kuna msaliti," akasema. "Mmoja. Na nitampata."

Hakwenda mbali. Alimnyooshea kidole Bi Somoe.

Bi Somoe alikuwa diwani wa viti maalumu, mama mjane wa Msimbati, na Issa Namkoma alikuwa binamu yake. Ushahidi wote ulikuwa huo tu. Na mjue diwani wa viti maalumu alivyokaa: chama kikimvua uanachama, kiti kimekwenda. Kwa Bi Somoe kiti hakikuwa heshima tu. Alikuwa amewapigania wanawake wa kwao wapate kisima kwa miaka, na fungu la kisima lilikuwa ndiyo kwanza limepita kwenye kamati. Akiondoka yeye, lingeyeyuka na hakuna ambaye angelikumbuka. Akala yamini mbele ya wenzake kwamba kura yake alimpa Mzee Chilumba. Wakatazama chini. Njiani walianza kumpita bila salamu.

Ndipo Katibu akaja na lake. "Kama hakuna anayekiri," akasema, "isomwe halbadiri."

Kwa mgeni asiyejua: halbadiri ni kisomo cha kumshtakia mkosaji asiyejulikana. Watu wa pwani hawaichezei. Wanasema ikisomwa humfuata mwenye kosa, na anaweza kuvimba tumbo au akarukwa na akili. Mimi ni Mkatoliki wa Peramiho, nilibatizwa na Wajerumani, lakini siku niliyosikia habari ile nilijishika tumbo. Akatafutwa maalim mmoja wa Chikongola, ikapangwa Alhamisi, baada ya swala ya alasiri, uani kwa ofisi ya chama. Madiwani wote wa chama kikubwa wawepo, isipokuwa aliye kwenye kazi rasmi ya halmashauri.

Hilo neno la mwisho ndilo lililoniletea wageni.

Kazi rasmi inapangwa na nani? Na karani wa vikao. Ratiba za kamati, ziara za ukaguzi, zote zilipita mezani kwangu. Basi Jumatatu asubuhi mwenyekiti wa kamati ya maji, wa chama kikubwa, akaingia ofisini kwangu na tabasamu.

"Mama Komba, unajua hatujakagua kile kisima cha Mahurunga?"

"Mlikikagua mwezi uliopita, mheshimiwa."

"Tulikikagua juu juu. Alhamisi ingefaa sana."

Nikamwambia nitaangalia. Hajafika mlangoni, akaingia wa elimu. Naye ana shule yake inavuja, mbali kabisa, Alhamisi hiyohiyo. Mchana akaja diwani mmoja Mkristo kama mimi. "Mama, mimi hayo mambo ya halbadiri hayanihusu, nina rozari yangu," akasema, na jasho linamchuruzika. "Lakini gari la halmashauri si lipo? Hata Newala tu."

Nikaanza kuhisi kama naota. Jumanne wakaja wengine. Na hapo ndipo nilipochoka kabisa, maana sasa walianza kuja wa chama kidogo! Wao hawakualikwa. Lakini halbadiri haiangalii kadi ya mtu, na wao walitaka kuwa mbali nayo inapopaa. Mwisho akaja mwenyekiti mpya mwenyewe, Issa Namkoma, bila mzaha hata mmoja mdomoni. Akaniomba ziara ya kujifunza, popote nje ya mkoa.

Alipotoka nikafunga mlango nikakaa. Taratibu ikanijia. Sote tulikuwa tunamtafuta mmoja kwa sababu tofauti ilikuwa ya mmoja. Kumbe wa huku walikwenda kule, na wa kule walikuja huku, wamepishana nyuma ya kitenge changu kama watu wanaopishana sokoni, na aliyezidi tu ndiye alikuwa mmoja. Sikuogopa. Nitakwambieni kweli, nilifurahi. Niliona kumbe watu hawa, wanaotukanana mchana kutwa, wakiachwa peke yao na kalamu dakika moja, hukumbuka wema wa mtu wa upande wa pili. Nilikaa pale nikicheka peke yangu na machozi yananilengalenga.

Jumatano Bi Somoe akaja. Alikuwa amekonda. Nikajua naye anataka gari.

"Dada," akasema, "Alhamisi usipange safari yoyote. Nakuomba. Nataka wote wawepo, na isomwe."

Nikamshika mkono. "Hakuna gari litakalotoka, Bi Somoe."

Na halikutoka. Nilisema gari limeharibika, na dereva, Mungu amweke, akalala chini yake siku nzima kulitengeneza.

Jioni ile ya Jumatano, natoka ofisini, nikamkuta Mzee Chilumba amesimama kwenye mikorosho. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia.

"Mwanangu, ile kura ni yangu."

Sikumwelewa. "Kura gani, mzee? Wewe ndiye uliyekuwa mgombea."

"Ndiyo hiyo. Nilipoingia mle nikaona jina langu limechapwa pale, zuri, nikaona haya. Kwetu ukijipakulia wewe kabla ya mwenzio unaitwa mlafi. Nikampa Issa. Nilijua wenzangu kumi wananipa, nikadhani zinatosha, nikasahau kwamba yangu imemzidishia Issa." Akatikisa kichwa. "Sasa mama wa watu anakondeana. Nimeshindwa kusema kwa sababu watanicheka. Naogopa kuchekwa, mwanangu, kuliko hiyo halbadiri."

Ningeweza kumwambia kwamba hayuko peke yake. Lakini waliokuja kwangu walikuja kwangu kama karani, na sikuwa na ruhusa yao. Nikamwambia tu, "Mzee, Bi Somoe hana mtu mwingine." Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Alhamisi mtumishi wa umma kama mimi hakutakiwa uani kwa chama, basi nikakaa nyumba ya jirani na akina mama waliokuwa wanachambua mchele, kati yetu na wao ua wa makuti tu. Madiwani walikuwa wameketi mikekani, roho juu juu. Maalim akasema, "Mwenye neno alitoe. Nikianza sitasimama." Bi Somoe akainuka.

"Soma, maalim," akasema. "Mimi nipo. Soma."

Maalim akavuta pumzi. Mzee Chilumba akainuka kwa kushika goti. Safari ile sauti yake niliisikia vizuri tu. "Usisome. Nilimpa Issa mimi."

Katibu akacheka kwanza, akidhani mzee amechanganyikiwa. Mzee akaeleza kama alivyonieleza. Na wale wengine, ee Mungu wangu, ungewasikia walivyoshusha pumzi! Mpaka akina mama wa mchele wakageuka kutazama. Wakamshangaa mzee, wakaguna, mmoja akasema, "Jamani, hata wewe mzee wetu?" Alikuwa ni yule wa kisima cha Mahurunga.

Bi Somoe alipona. Kisima kikachimbwa. Lakini Katibu alikuwa amekwisha kuahidi huko juu kwamba atatoa mtu, na ikabidi atoe. Kikao cha chama kikaitwa kumvua uanachama Mzee Chilumba, na safari hii kura haikuwa ya siri, ilikuwa ya kunyoosha mikono. Bi Somoe alinihadithia usiku wake huku analia. Mikono yote ilinyooshwa, dada, alisema, yote, tena haraka haraka. Wa kwake tu ndio uliobaki mapajani. Nilikasirika mpaka nikashindwa kula. Mzee akarudi Kitaya kulima mpunga, na kiti chake akakipata mwingine.

Nilistaafu miaka kadhaa baadaye. Sasa naishi Shangani, hukuhuku kusini, jioni natembea ufukweni nikisalimiana na vijana waliokuwa watoto enzi zile. Makarani wapya huja kuniuliza siri ya kazi, nami huwaambia wapende kura ya siri, maana nimeona watu walivyo ndani yake na nimeona walivyo nje yake. Wananiitikia tu, nafikiri hawanielewi.

Mzee Chilumba alipofariki tulikwenda Kitaya, mimi na Bi Somoe. Wazee wetu wote wa baraza lile walikuwepo, wa vyama vyote viwili, wengi sasa na mikongojo. Baada ya kuzika, mmoja akapewa nafasi ya kusema machache. Akasema marehemu alikuwa mtu mwema, aliteleza mara moja, akakisaliti chama chake, lakini alikiri, Mungu amsamehe.

Bi Somoe akanigeukia. Miaka yote ile hakuwahi kuniuliza. "Dada Komba, ile wiki waheshimiwa walikuwa wanapishana mlangoni kwako. Walikuja kutaka nini?"

"Gari," nikamwambia. "Wote walitaka wawe mbali Alhamisi. Wewe tu ulitaka isomwe."

Alinitazama, akaelewa. Akainuka katikati ya matanga, mwanamke mzima, kanga imemwanguka mabegani.

"Kaka zangu," akasema, "siku ile mlinyoosha mikono kumfukuza huyu mzee. Leo hapa hapana Katibu, hapana chama. Kama yupo kati yenu aliyempa kura wa upande wa pili, na anyooshe."

Hata waliokuwa wanapakua wali wakaacha. Nilimtazama Issa Namkoma. Alikuwa amekaa ukutani, mzee sana.

"Mimi nilimpa yeye," akasema. "Nami niliona haya kujipa mwenyewe."

Akanyoosha mkono wake. Yule wa maji akautazama muda mrefu, halafu akanyoosha na yeye, na wa elimu, na yule wa rozari, mmoja mmoja, bila haraka, na hakuna aliyeushusha mpaka Bi Somoe alipowaambia inatosha.