Wino wa Mawese

Siku hizi mfuko wa kahawa ukiandikwa kwamba umechapwa kwa wino wa mimea usiodhuru mazingira, watu huushika kwa heshima. Mimi hucheka peke yangu. Mama yangu alichapa kwa wino wa namna hiyo wakati wa vita, na baba alimlaumu kila mzigo ulipofika.

Tulikuwa tumegawanyika. Baba na mimi tuliuza kahawa ya kusaga Butembo. Mama alibaki Bungulu, kule Beni, yeye na mdogo wake wa kike, kwa sababu nyanya hakuweza tena kutembea, na mama hakuwa mtu wa kumwacha mzazi wake kitandani akakimbia bunduki. Huko alikaanga kahawa, akaisaga, akaifunga katika mifuko ya karatasi yenye picha ya kikombe, aliyoichonga mwenyewe kwenye kipande cha tairi kama mhuri. Barabara za kuleta bidhaa zilipofungwa na wino wa dukani ukakosekana, hakuomba ushauri kwa mtu. Alikwangua masizi ya sufuria, akayachemsha pamoja na mafuta ya mawese kutoka kijiji cha Mbau, akaendelea kugonga vikombe vyake.

Tatizo lilikuwa moja tu: wino wa mawese haukauki. Kila aliyenunua kahawa yetu aliondoka na kidole cheusi. Mashati ya baba, meza, mwimo wa mlango, vyote vilikuwa na alama.

“Mama ya batoto anatuchafulia baclients!” baba alimwambia dereva wa lori aliyetuletea mizigo, Mwislamu mpole wa Beni. “Umuambie aache hii wino ya masizi.”

Safari iliyofuata dereva alirudi na jibu, akicheka. “Mama anasema, vidole yenu ikikuwa nyeusi, donc mujue yeye iko muzima.”

Tangu hapo baba alilaumu kwa sauti ndogo. Mimi nililingojea lile lori kuliko Noeli. Nilishika mfuko wa kwanza kwa kiganja kizima, na jioni sikunawa. Nilimtamani mama kiasi cha kulala na mkono ule wenye harufu ya mawese karibu na pua.

Kisha mapigano yakafunga barabara kwa muda mrefu. Ilipofunguliwa, dereva alishusha maboksi yetu na hakuomba chai yake ya kawaida. Baba alichana boksi la juu. Kikombe kilikuwa kilekile, lakini wino uling'aa na kingo zake zilikuwa safi.

“Voilà! Sasa hii ni wino!” alisema, akapitisha dole gumba juu ya picha.

Halafu akalitazama dole gumba lake.

“Ni mama mudogo anachapaka sasa,” dereva alisema, macho yake chini. “Na wino ya Kampala. Mama alienda Mbau kutafuta mawese. Mpaka leo hapana kurudi.”

Tuliuza mzigo ule wote, na hakuna mteja aliyelalamika. Miaka baadaye nyumba ilipopakwa rangi, baba alisimama mbele ya mwimo wa mlango mpaka fundi akauacha ulivyo, na alama zake. Nami nikipewa mfuko wowote, wa kahawa, wa unga, hata wa chumvi, kwanza napitisha kidole juu ya maandishi. Kidole hutoka safi.