Mama Anayechuma Pamba kwa Vimraba

Kila Jumamosi mchana, baada ya kufunga steshenari ninakofanya kazi hapa Bariadi, sisi wachoraji watano huvuta viti nyuma ya mashine ya fotokopi tukakosoana. Tunachora kwa pikseli, yaani vimraba vidogo unavyovipanga kimoja kimoja kwenye simu mpaka vifanane na mtu. Sheria yetu ni moja: ukisema kuna kosa, lioneshe kwa mstari mwekundu juu ya nakala ya picha. Mstari wangu ulikuwa unaogopwa. Niliwahi kumwambia mwenzetu mmoja, fundi simu, kwamba mchunga ng'ombe wake ana miguu ya meza, na sikujuta hata kidogo.

Zamu yangu ilipofika nilimleta mama. Nilikuwa nimemchora wiki tatu, kimya kimya, akichuma pamba. Mama haachi kuniuliza hiyo kazi ya kubofyabofya simu ni kazi gani, nami nilitaka siku moja aitazame picha ajitambue mwenyewe bila kuambiwa.

Fundi simu akaishika picha yangu kwa furaha isiyojificha.

"Kichwa kikubwa. Magoti sijayaona. Na hii pamba kwenye kanga ni nyeupe tupu, kama karatasi imebandikwa. Itie kivuli."

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Niliumia, na kilichoniumiza zaidi ni kwamba alikuwa anasema kweli. Nikapunguza kichwa, nikaweka magoti, nikanyunyiza vimraba vya hudhurungi kwenye pamba. Jumamosi iliyofuata wote wakasifu kile kivuli.

Kesho yake nikaenda kijijini kwetu, Migato. Mama alikuwa uani anachambua mchele.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimu kwa Kisukuma, na kabla hajamaliza kuuliza habari za mjini nikampa simu. Akaisogeza mbali na macho.

"Huyu ni shangazi yako," akasema.

"Kwa nini shangazi?"

"Nani mwingine anachanganya fifi na pamba safi?" Akagusa kivuli changu kwa kidole. "Chafu imo humo humo na nyeupe. Kwenye mizani huyu wanamrudisha. Halafu anachuma kwa mkono mmoja, mwingine kauweka kiunoni, anasubiri wageni?"

Niliona aibu. Nimekulia kwenye shamba lile, nimechuma mpaka vidole vikachubuka, na tangu utotoni najua kuwa fifi, ile pamba yenye madoa, ina mfuko wake. Mama akainuka, akafunga kanga mbele, akaning'iniza kifuko ubavuni, akaanza kuchuma hewa kwa mikono miwili, safi mbele, fifi pembeni. Nilicheka sana. Halafu nikachukua simu nikaanza kuchora upya.

Jumamosi, fundi simu akapitisha mstari mwekundu juu ya kile kifuko. "Kitoe. Kinaharibu umbo."

Wengine wakaafiki. Siku zote mtu akikosoa kitu changu mimi hukifuta siku hiyo hiyo, lakini safari hii nilikataa. Nikawaambia ni cha fifi, na bila hicho yule si mama yangu. Fundi simu, ambaye na kwao wanalima pamba, akaufuta mstari wake.

"Basi kiache. Ila kivuli kiweke kwenye kanga, usikiweke kwenye pamba. Kanga ikiwa na giza pembeni, pamba itajaa yenyewe, na itabaki safi."

Nikajaribu pale pale. Pamba ikajaa. Nikamshukuru, nikamwomba radhi kwa ile miguu ya meza.

"Ilikuwa ya meza kweli," akasema.

Nikarudi Migato. Mama akaitazama picha muda mrefu, safari hii ameileta karibu na uso.

"Sasa mbona peku?" akauliza. "Na miiba yote ile, mimi nimeingia lini shambani bila ndala?"

Nilifurahi sana. Nikamwongezea vimraba viwili vya bluu miguuni, nikamrudishia simu. Hata ahsante hakusema. Alishaelekea kwenye ua wa jirani, akimwita shangazi aje aone pamba inavyochumwa.