Ukuta wa Mrututu

Mwaka jana Mama alipopunguzwa kazi ofisini, wenzake waliopunguzwa naye walifungua magenge ya nyanya au wakaanza kuuza maandazi. Mama yeye akatangaza kwamba atapamba nyumba za watu. Baba aliinua macho kutoka kwenye gazeti, akayarudisha. Mimi nilicheka mpaka nikapaliwa na chai, maana sebule yetu yenyewe ilikuwa na rangi ya uji uliosahauliwa mezani.

"Cheka tu," Mama akasema. "Tutaanza na hiyo hiyo."

Lakini jicho analo. Lazima niseme, ingawa ni mama yangu na kumsifu kunaniwasha. Siku hizi kila kitu ruksa, mitumba imejaa soko la Majengo, na watu wanaparamia marundo kama kuku waliomwagiwa mtama. Mama husimama pembeni, mikono kifuani, kisha ananyoosha kidole: "Lile la chini kabisa." Linatoka shuka la kijani cha chupa, au pazia la bluu iliyofifia kama moshi. Nyumbani alivitandaza vyote sakafuni, kuanzia bluu ya wino mpaka kijani cha mchicha mchanga, akawa anavihamisha kama anacheza bao, mpaka hata mimi, ninayejua rangi ya sare ya shule tu, nikaona vinaelewana.

"Bluu na kijani?" Baba akauliza. "Mbona haviendani?"

"Mtama ukiwa mchanga shambani, juu yake kuna nini? Si mbingu? Umewahi kuona vinagombana?" Baba akarudi kwenye gazeti. "Halafu hapa Dodoma karibu mwaka mzima ni vumbi jekundu. Mtu akiingia ndani basi apumzike kuliona."

Mama mmoja wa Majengo, mwenye nyumba ya wageni, alikuwa amesikia habari hizi. Akasema angepita Jumamosi baada ya alasiri aione sebule. Ikimpendeza, Mama angepamba vyumba vyake. Isipompendeza, Mama alishaapa kwamba angeachana na mambo ya rangi na kukaanga maandazi kama wenzake. Na maandazi ya Mama, Mungu amsamehe, unaweza kujengea msingi.

Alhamisi tulipaka ukuta mmoja kwa chokaa iliyochanganywa na bluu ya kufulia, ile ya kung'arisha mashati. Ukapendeza. Ijumaa ikawa zamu ya kijani. Rangi za makopo zimerudi madukani, lakini sisi tunaruhusiwa kuzitazama tu, kwa hiyo Mama alinunua ile ya unga wanayotilia ukili wa mikeka, akaikorogea kwenye chokaa. Jioni ukuta ulikuwa wa kijani kiasi kwamba Baba alivua viatu mlangoni bila kuambiwa.

Jumamosi asubuhi ulikuwa mweupe! Kijani chote kimekwenda, kimeacha madoa machache kama mtu kamwaga mlenda.

"Kijani kimeomba likizo," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Mama alisimama ameshika brashi ya katani kinyumenyume. Nikaona ninyamaze, jambo ambalo madaktari wangepaswa kulichunguza.

"Chokaa imeila rangi," akasema mwishowe. Akakwangua doa moja kwa ukucha. Halafu akatafuta kandambili zake. "Twende kwa mjomba wako."

Mjomba ana shamba la zabibu nje kidogo ya mji. Wenye zabibu hukoroga mrututu, yale mawe ya bluu, pamoja na chokaa, wakanyunyizia majani yasishikwe na ukungu. Nguzo za shamba lile zimerukiwa miaka yote, zimekuwa na bluu inayoelekea kijani. Nimezipita tangu utoto nikidhani ni uchafu. Mama alikuwa anaona rangi ambayo chokaa imeshindwa kuila.

"Mrututu wa nini, dada?" Mjomba akauliza. "Ukuta wako umeshikwa na ukungu?"

"Umeshikwa na aibu, kaka. Nipe haraka."

Mjomba alicheka mpaka akaegemea nguzo, lakini alitujazia kopo. "Na huyu mpwa wangu asilambe, namjua!"

Tuliukoroga kwenye chokaa, tukapaka mbio mbio. Juu Mama alipaka mwepesi, chini mzito, na upepo wa Dodoma, adui yetu wa kila siku, ukatukaushia. Rangi ilishuka taratibu kutoka mbingu ya asubuhi mpaka jani la mzabibu. Pale konani ilipokutana na ule ukuta wa bluu, hukuweza kusema upi umeishia wapi. Tukatundika mapazia. Nikasimama mlangoni natafuta utani wa kusema. Sikuupata.

"Hodi!" Mama wa Majengo aliingia, baibui lake limejaa vumbi la njiani.

"Shikamoo," tukasema.

"Marahaba, wanangu." Hakukaa. Alizunguka, akasugua ukuta kwa kidole, akakikagua kidole. "Rangi ya duka gani hii?"

"Ya daktari wa zabibu," nikajibu. Mama akanikanyaga mguu.

"Itapauka lini?"

Pale sokoni kwao kila muuzaji angeapa kwamba haipauki milele. Mama akasema, "Ya jana ilipauka, mama. Nilitia ya mikeka, ikaondoka usiku. Hii ipo kwenye nguzo za kaka yangu tangu huyu mropokaji hajazaliwa, na mvua haijaifanya kitu."

Yule mama akafuta kidole kwenye baibui. Ndipo akakaa. "Nitakupa chumba kimoja kwanza. Nikione."

"Nipe kile kibaya kuliko vyote."

"Cha nyuma? Kinachotazamana na mashine ya kusaga? Mwanangu, kile hata mgeni aliyenyeshewa hakitaki."

"Hicho hicho. Dirisha lake linapata jua la asubuhi au la jioni?"

Nilimgeukia Mama nione kama amerukwa na akili. Alikuwa amefumba jicho moja, kichwa kimelala upande. Alishafika Majengo, anapaka.